Mkaguzi Aliyepooza Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Mdogo wangu anataka kumpeleka mama kwenye makao ya wazee. Kasema hivyo mezani, chai mkononi, kama mtu anayesema sukari imeisha. Mgongo wake umechoka, eti. Tangu mama aanguke na miguu ikamkataa, yeye na mumewe ndio wanaomwinua, wanamwogesha, wanamlisha, wanamgeuza, wanamlaza. Jana alikuwa amemshika mama katikati ya kitanda na kiti, mgongo ukaalika "ka!", wakashuka sakafuni wote wawili. Walikaa hapo hapo wakishikana mikono mpaka shemeji alipotoka karakana.

Nilisimama. Nikasema mama yangu mzazi hatalala kwa wageni nikiwa hai. Mimi ndiye kifungua mimba! Nilitumia ile sauti nzito niliyokuwa nikiwatolea wenye maduka waliochezea mizani. Shemeji ni fundi wa makochi na hajui kunyamaza wakubwa wakisema. Akaniuliza, basi mama ahamie kwangu lini?

Nikamwambia asibadilishe mada.

Mama alikuwa chumbani, mlango wazi. Sijui alisikia nini. Aliomba tu aongezewe maziwa kwenye chai.

Nimewaza mchana kutwa. Kubisha peke yake hakutoshi. Unatakiwa ushahidi. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, mstaafu, na hakuna kilo iliyowahi kunidanganya. Nitayakagua makao hayo. Nitayaumbua. Shemeji atanyamaza kama makochi yake.

Jumanne, 4 Machi

Ukaguzi wa kushtukiza. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, kitambaa cheupe mfukoni cha kupimia vumbi. Nikaingia saa ya chakula, maana maovu hupenda wakati watu wana njaa. Jengo refu lisilo na ghorofa, bustani mbele, mlango mpana. Nikanusa. Mkojo? Hakuna. Sabuni na vitunguu vinavyokaangwa. Nikanusa tena, kwa nguvu. Mhudumu mmoja akanipa karatasi laini, akaniuliza kama nina mafua.

Nikajitambulisha kuwa mkaguzi. Sikusema wa nini. Nilitegemea watetemeke. Muuguzi mkuu wao ni mama mfupi, mnene, mwendo wa taratibu, asiyeinua sauti; nimembandika jina la Jemadari. Hakutetemeka. Alifurahi! Alisema nimekuja wakati mzuri, mikono ilikuwa haitoshi. Kabla sijatoa kitambaa changu cha vumbi nilikuwa nimeshafungwa aproni, nimekalishwa karibu na bibi mmoja, bakuli la uji mkononi. Nikague kwa kulisha, alisema.

Kumbe kulisha mtu ni kazi! Kijiko cha kwanza kilikwenda kidevuni. Cha pili kilikwenda sikioni, sijui kilipita njia gani. Bibi mwenyewe alikuwa mpokea simu enzi za nyaya za kuchomeka, na moyoni hajastaafu. Wote wanamwita Bibi Simu. Aliniangalia kwa heshima zote, uji ukimtiririka, akasema, "Samahani mteja, laini yako ina kelele. Subiri nikuunganishe."

Nikasubiri. Ningefanyaje?

Akaja mhudumu mmoja mrefu, mwembamba kama mlingoti. Akachukua kijiko. Akamngoja bibi amalize simu zake. Akangoja afungue kinywa mwenyewe. Akangoja ameze. Akangoja tena. Nje ya dirisha dunia ilikuwa inakimbia, humu ndani hakuna aliyekuwa na haraka hata chembe. Bakuli likaisha, uso wa bibi mkavu. Mimi nilikuwa nimeduwaa, nameza mate kila bibi alipomeza uji.

Lakini sikudanganyika! Mbele ya mkaguzi kila mtu ni malaika. Hata muuza nyama mwizi hurudisha jiwe sahihi kwenye mizani akiona kofia yangu. Ukitaka ukweli usisimame kando ya mizani. Panda juu yake, uwe mzigo.

Wazo hilo limenijia nikiwa nakwangua uji kwenye kola. Wazo kubwa! Mlangoni kuna tangazo kwamba wanapokea wazee kwa siku chache za majaribio. Mzee wa majaribio atakuwa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimelazwa. Naandika chini ya blanketi.

Asubuhi nilikwenda kwa rafiki yangu kinyozi, nikamwambia anifute usoni. Masharubu yote chini. Nywele zote chini. Nilipojitazama kwenye kioo nikamwona marehemu baba. Nikamwamkia kabla sijajizuia.

Mpango: mimi ni mzee niliyepigwa na kiharusi, sisemi, upande wa kulia umepooza. Kinyozi ni mwanangu. Kinyozi kanizidi umri, lakini nilimvisha kofia.

Aliboronga! Jemadari alipomuuliza mimi ni nani wake, alisema baba. Akaulizwa ugonjwa ulianza lini, akasema "huyu kijana" alianguka ghafla. Halafu hadithi yake mwenyewe ikamwingia, akaanza kulia machozi ya kweli. Alisema nilikuwa mtu mwema. Nilikuwa! Ilibidi Jemadari amletee maji.

Jemadari alinitazama masikio kwa muda mrefu. Masikio ya ukoo wetu ni makubwa, yamesimama; mama anayo, mdogo wangu anayo. Nikalegeza mdomo, nikatoa mate kidogo. Akasema karatasi zitafuata, kitanda kipo. Chumba cha dirisha la bustani, cha vitanda viwili. Hawakujua mimi ndiye yule wa jana. Utaalamu!

Kosa moja dogo. Mimi huandika kwa mkono wa kulia, na wa kulia ndio niliopooza. Kwa nini sikupooza kushoto? Kila nikisikia nyayo, mkono unakufa ghafla na kalamu inazama chini ya mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeinuliwa. Sina budi kueleza.

Walikuja wawili, Mlingoti na mwenzake. Waliniambia kwanza. Kila kitu wanakwambia kwanza. "Mzee, tunakugeuza upande wa dirisha. Sasa tunakukalisha. Tayari?" Mimi nikajikaza kwa makusudi, nikawa gogo. Nina uzito wa mtu aliyekula vizuri maisha yake yote. Nikangoja wagune, watukane, wanibwage. Nikashtukia niko kwenye kiti! Sikuona nimefikaje. Nimepima vitu vizito tangu ujana wangu, sijawahi kuona uzito unatoweka mbele ya macho, tena uzito wenyewe ni mimi.

Wakaniogesha. Mlingoti alipima maji kwa kiwiko chake. Kila walipoosha sehemu, nyingine ilikuwa imefunikwa taulo. Mwili mzima ukaoshwa na hakuna dakika niliyokuwa uchi. Nilitaka kusema asante, nikakumbuka mimi ni bubu, nikaguna. Wakanijibu, "Asante na wewe, mzee."

Nikazinduka. Kazi! Nikamwaga chai kwa makusudi ili nigombezwe. Wakanibadilisha nguo. Nikamwaga tena. Wakanibadilisha, wakanipa kikombe chepesi zaidi. Nikamwaga mara nyingine. Mlingoti akacheka akasema leo mzee anabadilisha nguo kama bwana harusi. Nguo za wanaume zikaisha. Sasa nimevaa blauzi ya maua, yenye kifungo cha lulu.

Mchana nikajifanya nimelala, nisikie wanavyowasengenya wazee. Walibishana sana, tena kwa uchungu, kama Bibi Simu anapenda shali ya buluu au ya kijani.

Halafu hili. Kitanda cha pili kinalaliwa na babu mmoja aliyekuwa mwashi. Hajasema neno siku nyingi, macho hafungui, amekuwa mwepesi kama gazeti. Mlingoti aliingia peke yake. Mimi nakoroma. Akavuta kiti. Akasema, "Sasa nauinua mguu wako wa kushoto, babu. Nakupaka mafuta. Mvua imenyesha leo. Ule ukuta wa bustani tulioujenga ukitusimamia haujapata hata ufa." Kisha akanyamaza. Nikadhani amemaliza. La! Alikuwa anampa nafasi ya kujibu. Akaitikia, "Ee, kweli," akaendelea na mguu wa pili.

Nilifungua jicho moja. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Mkaguzi hakuna, ndugu hakuna, mimi niko usingizini. Alipaka mafuta kidole kimoja kimoja, kama mtu anayewaamsha watoto bila kuwashtua. Alikuwa anafanya hivyo kwa ajili ya nani, kama hakuna anayemwona? Nilisahau kukoroma. Ilibidi nianze upya, kwa sauti kubwa mno.

Ushahidi niliokusanya mpaka sasa: kijiko kimoja kimepinda.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Shemeji!

Walikuwa wametusogeza wote sebuleni. Mlango ukafunguliwa, akaingia na nyundo, sponji na kitambaa cha kochi begani. Kumbe yeye ndiye fundi wao! Kumbe ndiyo sababu mdogo wangu anayajua makao haya! Akapiga magoti mbele ya kochi lililo mkabala na kiti changu. Mimi huyo, kipara, blauzi ya maua.

Akanitazama. Akatazama kifungo cha lulu. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee," kwa adabu ambayo sijawahi kuipata kwake tangu amuoe mdogo wangu.

Mate yakanitoka, safari hii bila kuigiza.

Akamwambia Mlingoti kwamba mzee huyu anafanana na mtu anayemfahamu, ila yule hajawahi kukaa kimya kiasi hiki. Akapiga misumari yake huku anapiga mluzi. Kila akimaliza msumari ananitazama. Mguu wangu wa kulia ukawashwa, nzi alikuwa juu yake. Nikamkodolea macho nzi. Nikasali. Bibi Simu akanigeukia, "Mteja, una simu kutoka nyumbani." Nusura nipokee!

Shemeji alipoondoka alininong'oneza kwamba mama anaendelea vizuri, leo kamnyanyua yeye peke yake na hakuna kilichoalika. Sijui kwa nini alimwambia hayo mgonjwa asiyemjua. Watu wengine hawajui kutunza siri za familia.

Amenishuku? Haiwezekani. Nilikuwa nimepooza barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Babu wa kitanda cha pili amefariki.

Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Sikusikia kitu. Nilidhani mtu akifa lazima pawe na kishindo. Mlingoti alikuwa ameshika mkono wake tangu kulipopambazuka, zamu yake ilikuwa imekwisha na hakuondoka. Jemadari akaja, akainama, akasikiliza kifua, akafungua dirisha lote. Hakuna aliyekimbia. Wakavuta pazia kati yangu na wao, wakaanza kumwosha. Nikasikia maji. Kisha nikasikia ile ile sauti.

"Sasa nauinua mguu wako wa kushoto, babu."

Hata sasa! Nilijifunika blanketi kichwani. 

Nilijua watamtolea mlango wa jikoni. Ndiko gari linakofika, na mimi najua njia za mizigo. Dereva mwenyewe aliuliza kama azungushe gari nyuma. Jemadari akamwambia babu aliingia kwa mlango wa mbele.

Wakatutoa sote ukumbini. Viti vya magurudumu pande mbili, njia katikati. Mpishi akaja na upawa wake. Mtunza bustani akavua kofia. Mafua ya mtu, kikohozi cha mtu, halafu kimya. Wakampitisha polepole, nywele zimechanwa, pimamaji yake ya kunyooshea kuta juu ya shuka. Kila alipopita, wenye nguvu za mikono waligusa shuka. Bibi Simu aliweka kiganja sikioni, akasikiliza, akasema kwa sauti safi ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Laini iko wazi, mteja. Endelea."

Maisha yangu yote nimepima vitu. Sikuwa na kipimo cha hili.

Nikasimama.

Nilisimama wima, kama mtu mbele ya wakubwa, mkono wa kulia kifuani. Ndiyo, wa kulia. Mguu wa kulia nao ulikuwa imara kabisa. Sikujua kama nimesimama mpaka mlango wa mbele ulipofungwa na nikaona vichwa vyote chini yangu.

"Muujiza!" Upawa ukaanguka. Mzee mmoja akadai ahamishiwe kitanda changu mara moja, naye anataka kupona. Bibi mwingine akanishika blauzi akiniomba nimguse goti.

Jemadari akanichukua kwa mkono mpaka ofisini. Nikamwambia, kwa sauti iliyojaa kutu, kwamba nimepona ghafla. Akasema anafurahi. Kisha akasema alinijua tangu Jumanne nilipokuwa nanusa. Mdogo wangu alikwishamleta mama kutazama makao, na masikio hayo hayafichiki. Kitanda nilicholalia ndicho walichomwekea mama! Jumatano hiyo hiyo alimpigia simu mdogo wangu. Mdogo wangu alicheka mpaka mgongo ukamuuma, akasema waniache nikae, na waniogeshe vizuri.

Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Alikuwa anakunja shuka. Akasema, "Watoto wa wazee huja hapa kila namna, baba. Wako wanaokuja kulia, wako wanaokuja kugomba. Wa kuja kuogeshwa ni wewe wa kwanza. Nikasema, labda hivyo ndivyo atakavyoelewa."

Nikalia. Sina la kuongeza. Nililia kama mtoto, kwenye blauzi ya maua, na yeye akaendelea kukunja shuka zake polepole, hakunitazama, ili nilie kwa nafasi.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha familia. Nilikiitisha mimi. Nikasimama mbele ya wote, nikatangaza kwamba baada ya ukaguzi wa kina uliofanyika kwa gharama ya masharubu yangu, nayaidhinisha makao. Nikaeleza kwamba tangu mwanzo nilikuwa naunga mkono, nilitaka tu uhakika. Shemeji akapaliwa na chai.

Mama akauliza kama nililala vizuri huko. Nikasema vizuri mno. Akauliza waliniogesha? Waliniogesha. Akauliza sikupiga kelele? Maana tangu utotoni nikiguswa na maji masikioni mtaa mzima hujua. Nikasema nilinyamaza kimya. Mama akawageukia wenzangu akasema basi hapo ni mahali pa kweli.

Halafu ikatoka habari ya ajabu. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda! Tena muda mrefu uliopita! Eti niliambiwa, hapa hapa mezani. Hawasemi ukweli, ningesikia. Eti siku hiyo nilikuwa naongea mimi.

Mdogo wangu alianza kufuta macho. Akasema anajiona kama anamtupa mama. Mama akamvuta mkono, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Hunitupi, mwanangu. Kila ukija chumbani unanishika kama gunia, tunahema, tunamaliza, unaondoka. Nataka uje ukae. Unisimulie umbeya. Nimekosa umbeya mwaka mzima."

Nikaona ni vyema nifunge kikao kwa maneno machache ya hekima. Nilipomaliza walikuwa wameshaingia jikoni.

Jumapili, 16 Machi

Mama amehamia tangu Ijumaa. Leo nimekwenda kumjulia hali, peke yangu. Nilimpitia mdogo wangu kwake, alikuwa amelala. Mchana! Shemeji alinifungulia mlango kwa ncha za vidole, akanikataza hata kupiga hodi. Amelala tangu asubuhi kama mtoto mchanga, alisema, na alikuwa anatabasamu kama mjinga.

Mama alikuwa dirishani, jua mapajani. Hajawahi kupendeza vile. Bibi Simu alikuwa naye, wameshazoeana. Kila mama akitaja jina la mtu wa zamani, mwenzake anamtafutia laini. Mlingoti alipita, akaniita mzee wa muujiza. Nikamwinamishia kichwa. Nawaheshimu watu hawa kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu. Nimewaona kwa macho yangu. Nimeguswa kwa mikono yao. Najua sasa maana ya kumtunza mtu, na ningeweza kutoa mhadhara.

Mama akasema mto wake umeteleza, nimsogezee mgongoni.

Mto ulikuwa hapo, karibu na kiwiko changu. Nikaona hii ndiyo fursa. Nikabonyeza kengele. Mlingoti akatokea mwisho kabisa wa ukumbi, mbio mbio, akifuta mikono, akamwambia mama kwanza, kisha akauweka mto sawa. Sekunde tu! Nikamwambia mama, umeona? Umeona huduma?

Baadaye mama akaomba maji. Jagi lilikuwa mbele yangu, na bilauri. Mkaguzi mzuri hapimi mara moja. Nikabonyeza tena. Akaja tena, tena kwa tabasamu lile lile!

Mama alitazama jagi lililo mbele yangu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu sana. Moyo ulinijaa. Kumbe bado ananionea fahari, kifungua mimba wake.